Sura ya Nne: Ua Unaofunguliwa Kiangazi

John Hanning Speke alipofika Mwanza na kuliona ziwa, Agosti 1858, alikuwa ametoka Unyanyembe kupitia Usukuma, nchi ambayo watu wake wengi waliishi kwa kubanana. Zilikuwa zama za uvamizi na utekaji wa ng'ombe na watu. Nyumba nyingi zilijengwa ndani ya boma moja la magogo, miiba au minyaa, na jioni ng'ombe waliingizwa humo humo. Mashamba yalibaki nje. Kazi ya ua ilikuwa kumzuia adui.

Miaka ya 1890 iligeuza mpangilio huo. Sotoka ilipita kutoka kaskazini ikaua ng'ombe na nyati kwa wingi usiosemeka. Nyasi zilipokosa wa kuzila, vichaka vilitambaa juu ya malisho ya zamani, na pamoja navyo wakaja mbung'o. Wakati huo huo Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza, na vita vya watemi wao kwa wao vikapungua. Mwenye kaya hakuona tena sababu ya kubanana na jirani. Taratibu watu walitawanyika, kila mmoja akajenga penye shamba lake, na mifugo ilipoongezeka tena likazuka tatizo ambalo boma la zamani halikulijua: ng'ombe wa huyu yuko hatua chache tu kutoka mtama wa yule.

Jibu lilikuwa mnyaa ule ule, ila kwa kazi mpya. Mti huu hauhitaji mbegu. Unakata tawi, unalichomeka ardhini, na hata mvua ikichelewa linashika. Ng'ombe hawaugusi kwa sababu ya utomvu wake mweupe unaounguza. (Mtoto aliyevunja kijiti cha mnyaa kisha akajipangusa jicho hahitaji kuelezwa mara ya pili.) Baada ya miaka michache safu inafunga, haiozi kwa mvua wala hailiwi na mchwa, na haimgharimu mtu senti. Seng'enge ya mlowezi kule nyanda za juu za Kenya ilinunuliwa dukani. Ua wa Msukuma ulikatwa kwa jirani. Penye msongamano, minyaa ilipandwa pande mbili za njia, ng'ombe wakapita katikati kwenda mtoni bila kugusa shamba la mtu.

Lakini ua wa mimea ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa kalenda. Mazao yakiwa shambani, mchungaji aliyezembea alimletea baba yake kesi na fidia. Mavuno yakiisha, shamba lile lile lilikuwa malisho ya wote, na ng'ombe wa kijiji waliingia kula mabua na kuacha samadi. Ngitili ilikwenda kinyume chake: kipande cha malisho kilichofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, kikafunguliwa kiangazi kwa ndama, wagonjwa na majike wanaonyonyesha. Mara nyingi hakikuzungushiwa kitu. Wenyeji walijua mwenyewe ni nani na mpaka uko wapi, basi.

Maofisa wa Kiingereza waliokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliona upande mmoja wa jambo hili vizuri sana. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o akiwa Shinyanga, alielewa kwamba kichaka kikikatwa na watu na mifugo wakikaa, mdudu huondoka. Maelfu ya watu waliitwa kufyeka, na eneo kubwa lilirudi kwenye malisho. Hilo lilifanikiwa, na ni haki kulisema.

Walikosea walipoanza kuhesabu. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza 1947, uligawa idadi ya ng'ombe kwa ukubwa wa ardhi, ukakuta ng'ombe wamezidi, ukaagiza wapunguzwe na watu wahamie Geita. Hesabu hiyo ilimwona ng'ombe mmoja akila eneo moja mwaka mzima. Haikuwa na nafasi ya shamba linalogeuka malisho mwezi Agosti, wala ya mtu aliyenunua ng'ombe kwa fedha za pamba kwa kuwa hakuwa na benki nyingine. Sheria ndogo zikarundikana, watemi wakalazimika kuzisimamia, na chuki ikawaangukia wao. Mwaka 1954 serikali, ikihofia chuki hiyo, ilipiga marufuku chama cha siasa cha TANU katika Usukuma, marufuku iliyodumu hadi 1958. Kufikia hapo sheria za kupunguza mifugo zilikuwa zimekwama.

Ngitili nazo ziliumia baadaye, hasa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowatenga watu na ardhi waliyoitunza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986, zilizoorodheshwa mkoani hazikufika hekta 1,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, na sehemu kubwa ilirudi kwa njia ile ile ya wazee: kufunga eneo, kusubiri mvua, na kukubaliana nani aingie lini.