Kwa nini umati hulipuka msanii wa hip-hop anapopanda jukwaani?

Msanii mmoja akiwa na kipaza sauti na spika kubwa anaweza kuwarusha maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Katika hip-hop ya shangwe, umati hauji kutazama tu. Nao ni sehemu ya wimbo. Matukio mawili ya Chicago, jiji kubwa la eneo la kati-magharibi mwa Marekani, yanaonyesha nguvu hiyo inavyofanya kazi na jinsi inavyoweza kugeuka hatari.

Nguvu hiyo inatoka wapi?

Msanii wa aina hii hasimulii kisa kirefu. Hutoa maneno mafupi, huyarudia, na umati huitikia. Wamarekani weusi waliurithi mtindo huu kutoka Afrika, wakaulea mashambani na makanisani, hadi ukaingia kwenye hip-hop. Anayezijua ngoma ambazo mmoja huanza na wengine hupokea ataufahamu mara moja.

Kuna pia besi, ule mlio mzito unaotikisa hata kifua. Muziki hunyamaza kidogo, kila mtu anasubiri, kisha mapigo hurudi kwa kishindo. Hapo ndipo watu huruka.

Agosti 2024: wimbo ndani ya mkutano wa siasa

Tarehe 20 Agosti 2024, chama cha Democratic kilikuwa na mkutano wake mkuu katika ukumbi wa United Center, Chicago. Wajumbe wa kila jimbo walikuwa wakitangaza kumuunga mkono Kamala Harris. Ilipofika zamu ya Georgia, aliingia Lil Jon, msanii wa Atlanta aliyeusambaza mtindo wa crunk, wenye ngoma nzito na kauli za kupigiwa kelele.

Alianza na wimbo alioutoa na DJ Snake mwaka 2013, kisha akabadili maneno ya wimbo wake mwingine ili kumtaja Harris na mgombea mwenza, Tim Walz. Shughuli ya kutangaza kura, ambayo kwa kawaida ni ndefu na ya kuchosha, iligeuka sherehe. Wajumbe walikuwa na viti vyao.

Agosti 2015: mashabiki waruka uzio

Miaka tisa kabla, mambo yalikuwa tofauti katika tamasha la Lollapalooza, kwenye bustani ya Grant Park jijini humo. Travis Scott aliwahimiza mashabiki waruke uzio unaowatenga na jukwaa. Onyesho lilikatizwa baada ya dakika chache na msanii akakamatwa. Baadaye alikiri kosa la kuhatarisha usalama, na mahakama ikaamuru awe chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja.

Novemba 2021, katika tamasha lake la Astroworld mjini Houston, Texas, watu 10 walikufa kwa kubanwa katika umati. Mdogo kabisa alikuwa na miaka tisa. Mwaka 2023, jopo la wananchi linaloamua kama kuna kesi ya jinai lilikataa kumfungulia mashtaka msanii huyo.

Kubanwa huua vipi?

Wengi hudhani watu hufa kwa kukanyagwa. Mara nyingi si hivyo. Watu wakizidi watano au sita katika kila mita moja ya mraba, umati huanza kuyumba kama maji. Kifua kikibanwa pande zote hakiwezi kutanuka, na mtu hukosa pumzi akiwa bado amesimama.

Ufanye nini ukiwa kwenye umati?

Iwe ni tamasha, mechi au mkutano wa kampeni, kanuni ni zilezile:

- Ukifika, angalia kwanza milango ya kutokea iko wapi.
- Ukianza kuguswa na watu pande zote, ondoka mapema.
- Ukibanwa, weka mikono mbele ya kifua kama bondia, upate nafasi ya kupumua.
- Usishindane na msukumo. Ukilegea, sogea kwa mshazari kuelekea pembeni.
- Simu ikianguka, usiiname kuiokota.
- Akianguka mtu, msaidieni kuinuka mara moja.

Shangwe ni nzuri, lakini msanii hawezi kumwona kila mtu kutoka jukwaani. Anayekuona kwanza ni jirani yako, nawe ndiye unayemwona yeye.