Maua ya Mama Ujiji: Piga Hesabu ya Joto, Kisha ya Maji

Ukimnunulia mama aliye Ujiji, Kigoma, waridi lililokatwa kwa Siku ya Mama, unanunua siku lilizobakiza. Mashamba ya maua ya Tanzania yako zaidi Arusha na Kilimanjaro, na ua likishakatwa huwekwa kwenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hivi lisizeeke kabla ya mnunuzi kuliona. Kutoka Arusha hadi Kigoma kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Basi lina buti, halina chumba cha baridi.

Hasara inaanzia humo. Kwa kawaida, joto likipanda nyuzi 10, kasi ya ua kupumua, na kwa hiyo kuzeeka, huongezeka mara mbili hadi tatu. Toka nyuzi 2 hadi 27, joto la kawaida la mchana kando ya Ziwa Tanganyika, tofauti ni nyuzi 25, na kasi inafika mara 6 hadi 16 hivi. Kutwa moja na usiku wake ndani ya buti hula siku 6 hadi 16 hivi za ubaridini. Ndege hupunguza saa hizo, lakini nauli yake nayo inaingia kwenye shada.

Tuweke bei za mfano; wewe badili uweke za kwako. Waridi moja shilingi 3,000, dazeni 36,000. Yakikaa mezani siku 7, ni shilingi 5,143 kwa siku. Yakifika yamechoka yakadumu siku 3, ni 12,000 kwa siku. Kwa 36,000 hizohizo tuseme umepata kitenge cha yadi 6 katika mojawapo ya maduka ya Kigoma, mji unaojulikana kwa vitenge vya Kongo na Burundi. Mama akikivaa mara moja kwa wiki kwa miaka 3, ni mara 156, yaani shilingi 231 kila akivaa. (Fundi analipwa mbali, na wengi wetu humsahau hadi mama mwenyewe amlipe.)

Lakini kama ni maua tu unayoyataka, nunua yenye mizizi. Mche wa yasmini, ua la vikuba vya akina mama wa pwani, tuuweke 5,000. Ukiishi miaka 3 ni siku 1,095: haifiki shilingi 5 kwa siku.

Hata mche una gharama isiyosemwa dukani: maji. Siku ya Mama, iliyotangazwa rasmi Marekani mwaka 1914, ni Jumapili ya pili ya Mei. Kigoma mvua zinaisha wakati huo, na Juni hadi Septemba ni kiangazi. Mche mchanga ukipewa lita 2 kila baada ya siku 2, kwa siku 122 unahitaji lita 122, madumu 6 ya lita 20 na kidogo. Nani atayabeba? Mara nyingi ni huyohuyo aliyepewa zawadi.

Kwa hiyo mimi ningempelekea Novemba, mvua ifanye kazi hiyo. Ukishikilia Mei, mlipe kijana wa maji mapema: madumu 7 kwa bei ya mfano ya shilingi 300 ni 2,100. Jumlisha na mche, 7,100. Bado haijafika bei ya mawaridi matatu.