Habari za Kagera ziingie kipindi cha Kiingereza

Mtoto wa Kamachumu au Nshamba, mkoani Kagera, anaingia kidato cha kwanza akiwa na lugha mbili anazozimudu: Kihaya cha nyumbani na Kiswahili alichosomea shule ya msingi. Ghafla karibu masomo yote ni Kiingereza. Kozi fupi ya kumwandaa ikiisha, ananakili ubaoni asichokielewa, na kwa kuogopa kuchekwa hanyooshi mkono.

Si jambo la jana. Mwaka 1984 watafiti wawili, Criper na Dodd, waliripoti kuwa Kiingereza cha wanafunzi wetu wengi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo mengine. Mradi wa Waingereza uliofuata ulileta shuleni vitabu vya hadithi, na naamini hapo waligusa penyewe: mtoto husoma anapotaka kujua kilichotokea.

Na Kagera yametokea mengi. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliharibu majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Bukoba Vijijini.

Chukua ajali ya ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022. Mwalimu aandike ubaoni taarifa ya mwanzo: waliookolewa ni 26. Chini yake aandike hesabu ya mwisho: waliokuwemo 43, waliofariki 19. Darasa litoe. Wanabaki 24. Sasa aulize: nani alisema 26, alisema lini, na wewe ungeandikaje asubuhi ile kabla hujathibitisha? Kujibu kwa Kiingereza kunamlazimu mwanafunzi atumie usemi wa taarifa na kauli ya kutendwa, mada zilezile tunazozichosha kwa sentensi za Juma na mpira wake. Ila mwalimu aulize kwanza, faraghani, kama darasani yupo aliyefiwa. Yupo? Achague habari nyingine.

Habari za wanafunzi zibandikwe kwenye gazeti la ukutani, ambalo halidai mtambo. Linadai karatasi za manila, kalamu za wino mzito na kipindi kimoja kwa wiki, kisha habari mbili tatu zisomwe paredi ya Jumatatu. Mwanafunzi kutoka kisiwa cha Bumbire alete bei ya dagaa mwaloni. Wa Muleba amhoji bibi yake kuhusu mnyauko wa migomba.

Bibi huyo atahojiwa kwa Kihaya, tena baada ya kuamkiwa ipasavyo. Maelezo yataandikwa kwa Kiswahili, habari itoke kwa Kiingereza. Kwa hiyo shule zinazomvisha kibao shingoni mtoto aliyeteleza akaongea Kihaya zinamnyang'anya mwandishi chanzo chake, na zinamfundisha kunyamaza. Ziache.

Daftari zikifika mezani, mwalimu asahihishe kwanza majina ya watu, mahali na idadi, amrudishe mwanafunzi kwa bibi panapopungua. Nyakati za vitenzi zifuate.