Sura ya Tano: Fidia kwa Madhara ya Uzembe wa Kitabibu

Si kila tiba iliyoishia vibaya ni uzembe. Kwa maana inayotumiwa na mahakama za Tanzania, uzembe wa kitabibu ni pale mtoa huduma aliyekuwa na wajibu wa kumhudumia mgonjwa kwa uangalifu anaposhuka chini ya kiwango ambacho wenzake wa taaluma hiyo wangekifikia katika mazingira yale yale, na kushuka huko ndiko kukaleta madhara. Mambo hayo matatu, yaani wajibu, kuvunjwa kwa wajibu na madhara yaliyotokana na kuvunjwa huko, yanapaswa kuthibitishwa yote, kwa kuwa likikosekana moja shauri huanguka hata kama machungu ya familia hayana mfano. Hakuna sheria moja ya Bunge iliyotungwa mahususi kwa ajili ya madai haya. Kanuni zake ni sehemu ya ile sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji wa Uingereza, ambayo Tanganyika iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na majaji wa nchini wameendelea kuitumia na kuikuza tangu hapo.

Kipimo cha kiwango chenyewe kimetokana na shauri la Bolam lililoamuliwa Uingereza mwaka 1957, ambamo ilielezwa kwamba daktari hana hatia ya uzembe ikiwa alitenda kwa namna inayokubaliwa na kundi la wataalamu makini wa fani yake, hata kama wapo wengine ambao wangetenda vinginevyo. Kipimo hiki kimelaumiwa, na kwa haki, kwamba kinawaachia madaktari kujipimia wenyewe kwa mizani yao. Ndiyo maana mwaka 1997, katika shauri la Bolitho, majaji waliongeza sharti kwamba maoni ya wataalamu hao lazima yawe na mantiki inayoweza kutetewa.

Kipimo hicho kikishushwa hadi kata ya Busi, wilayani Kondoa, maana yake hubadilika kidogo. Tabibu wa zahanati ya kijijini hapimwi kwa ustadi wa bingwa wa Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, kwa kuwa hana vifaa wala mafunzo ya bingwa huyo. Hupimwa kwa tabibu mwenzake mwenye uangalifu wa kawaida. Lakini tabibu mwangalifu anajua mpaka wa uwezo wake, na kwa hiyo uzembe wa ngazi ya zahanati mara nyingi hauwi katika alichokifanya mhudumu bali katika rufaa aliyochelewa kuitoa. Mfano ulio wazi ni wa mama aliye katika uchungu. Mkunga hutakiwa kujaza patografu, chati ya karatasi inayoonyesha kwa saa jinsi uchungu unavyoendelea: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kufunguka kwa mlango wa kizazi kila baada ya saa 4, pamoja na mistari miwili ya mshazari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua. Alama zikiuvuka mstari wa pili na mama akaachwa palepale, karatasi hiyo huwa shahidi asiyeyumba. Na ikiwa haikujazwa kabisa, au imejazwa yote kwa kalamu moja na mwandiko wa mkupuo mmoja, nayo inasema jambo.

Hata hapo kazi haijaisha, kwa sababu Sheria ya Ushahidi humtwika mzigo wa uthibitisho yule anayedai. Mzigo wa shauri la madai ni mwepesi kuliko wa jinai: inatosha mdai aonyeshe kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko ya mdaiwa. Ugumu uko katika kuunganisha kosa na madhara, maana mtoto aliyezaliwa na ubongo ulioathirika kwa kukosa hewa anaweza kuwa alidhurika kwa kucheleweshwa, au kwa sababu iliyokuwapo kabla mama hajafika zahanati, na anayeweza kutenganisha hayo mawili ni daktari, ambaye kwa kawaida hapendi kusimama kizimbani dhidi ya mwenzake. Yapo matukio machache yanayojieleza yenyewe. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa, aliyehitaji upasuaji wa goti akapasuliwa kichwa na aliyehitaji wa kichwa akapasuliwa goti. Tukio la namna hiyo halihitaji bingwa wa kulifafanua. Mashauri mengi hayako hivyo.

Kwa hiyo nguvu ya dai huamuliwa zaidi na karatasi kuliko na hasira. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mlango huu wa sheria msemo huo huchukuliwa kama ulivyo: daftari la shilingi chache ambalo mgonjwa hulinunua dukani ili tabibu aandike humo maelezo na dawa ndilo mara nyingi rekodi pekee inayobaki mikononi mwa familia, pamoja na kadi ya kliniki ya mama mjamzito na barua ya rufaa. Rejesta za MTUHA, yaani vitabu vya mfumo wa taarifa za huduma za afya, hubaki kituoni, ila mahakama inaweza kuamuru ziletwe. Risiti nazo zina kazi yake, kwa kuwa sheria hutenganisha fidia ya jumla, ambayo jaji huikadiria kwa maumivu na maisha yaliyoharibika, na fidia mahususi ya gharama halisi kama dawa na nauli ya Kondoa hadi Dodoma, ambayo haitolewi bila kuthibitishwa moja baada ya nyingine.

Njia ya kufika mahakamani hutegemea mmiliki wa kituo. Hospitali binafsi au ya dini hushtakiwa kama mdaiwa mwingine yeyote, nayo huwajibika kwa makosa ya waajiriwa wake kazini. Zahanati ya umma ni mali ya halmashauri, na tangu Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali iliporekebishwa mwaka 2020, halmashauri nayo hulindwa na masharti yaliyokuwa ya Serikali Kuu: mdai hutoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika shauri, na shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mkulima wa alizeti na uwele wa Busi, hiyo ni safari ya Dodoma, zaidi ya kilomita 150 kutoka Kondoa mjini, kila shauri linapotajwa. Ni vigumu kuuona utaratibu huu kama wa haki kwa dai linalohusu zahanati iliyo umbali wa kutembea kwa miguu. Nafuu iliyopo ni kwamba tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hawawezi kusimama badala ya wakili lakini wanaweza kumwelekeza mtu mapema.

Familia nyingi huanzia kwingine, kwa kupeleka lalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika, au Baraza la Uuguzi na Ukunga ikiwa mhusika ni muuguzi. Mabaraza hayo yanaweza kumwonya mtaalamu, kumsimamisha au kumfuta katika rejesta. Fidia si kazi yao, na muda wa kufungua shauri la madai hausimami kuyangoja. Wengine hawaanzi kabisa, kwa kuamini kwamba kilichotokea ni kudura ya Mungu. Imani hiyo ina heshima yake, lakini haifuti wajibu wa aliyelipwa kuwa macho usiku ule.

Muda wa madai ya uzembe ni miaka 3. Asiyetaka kubishania hesabu ya siku za notisi huipeleka kabla mwezi wa 33 haujaisha, ingawa anayeidai taasisi ya umma hufanya vyema zaidi akimwona mwanasheria ndani ya mwaka wa kwanza, maana yapo madai yanayogusa utekelezaji wa sheria ambayo ukomo wake ni mwaka 1 tu. Kwa mtoto hesabu ni nyingine: muda wake huanza anapotimiza miaka 18. Rejesta za kituo, hata hivyo, haziwezi kutegemewa kungoja miaka 18 bila kuliwa na mchwa au kuhamishwa, na mzazi ambaye bado hajaamua kushtaki anahimizwa kuomba leo nakala ya patografu na ya barua ya rufaa, na kuandika kando yake tarehe na saa alizofika zahanati.