NANI ALIYEUCHOMA MJI WA GUERNICA?

Mji unapopigwa wakati wa vita, habari zake huenea upesi, na kila upande husema lake. Yaliyoupata mji wa Guernica, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania, yaonyesha jinsi habari ya kweli inavyopatikana.

Jumatatu, tarehe 26 Aprili, 1937, siku ya gulio, yapata saa kumi na nusu alasiri, ndege za vita ziliutokea mji huo. Kwa muda wa saa tatu hivi zilitupa mabomu ya kupasuka na mabomu ya kuwasha moto, na watu waliokimbilia mashambani walipigwa risasi kutoka angani.

Upande wa Jenerali Franco, aliyeiasi Serikali ya Hispania, ulikana. Ulisema kwamba Wabaski wenyewe, walipokuwa wakirudi nyuma, ndio waliouteketeza mji wao.

Siku ile George Steer, mwandishi wa gazeti la The Times la Uingereza, alikuwa katika mji wa Bilbao. Alifika Guernica usiku ule ule, moto ungali ukiwaka. Aliwahoji watu waliookoka. Tena yalionekana maganda matatu ya mabomu yenye chapa ya tai ya Kijerumani. Habari yake ilipotolewa tarehe 28 Aprili, ilitaja ndege za Kijerumani waziwazi. Lakini hesabu ya waliokufa hakuitaja, kwa kuwa ilikuwa haijaweza kujulikana.

Serikali ya Wabaski ilisema baadaye kwamba waliokufa ni 1,654. Wanahistoria wengi wa siku hizi hutaja idadi iliyo kati ya 150 na 300. Hata hivyo, jambo kubwa halikubadilika: walioupiga mji ni Wajerumani wa kikosi cha Legion Condor pamoja na Waitalia, waliotumwa kumsaidia Franco. Mwaka 1997 Rais wa Ujerumani, Roman Herzog, aliungama kosa la watu wake kwa waliookoka.

Kusikia si kuona. Msomaji apatapo habari za namna hii na aulize: Ni mji gani, na siku gani? Nani aliyeona kwa macho? Alama gani zilibaki? Hesabu hiyo imetoka kwa nani? Mwandishi akosaye jibu la swali moja, kisha akanyamaza juu ya hilo, hajapunguza neno katika habari yake, ameilinda. Nao waliokufa wana haki ya kutajwa muuaji wao kwa jina lake.