Hasira za mzee si za homoni peke yake

Tarehe 1 Juni 1889, Charles-Édouard Brown-Séquard, mwanasayansi mwenye umri wa miaka 72, aliwaeleza wenzake jijini Paris kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na simbilisi, na nguvu zake za ujanani zimerudi. Bwana huyu alizaliwa Port Louis, Morisi, katika Bahari yetu ya Hindi. Leo tunajua sindano ile haikuwa na kitu cha maana: korodani haziweki akiba ya testosteroni, na homoni hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kilichomchangamsha ni imani yake mwenyewe.

Imani hiyo bado ina wateja. Mzee akianza kununa, kufokea wajukuu na kukimbia baraza, watu hunong'ona kuwa "homoni zimeisha". Haziishi. Kwa mwanamke ukomo wa hedhi hushusha homoni katika miaka michache. Kwa mwanaume testosteroni hushuka taratibu, takribani asilimia 1 kwa mwaka. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2010 ulikuta upungufu wenye dalili kamili kwa kama asilimia 2 tu ya wanaume wa miaka 40 hadi 79.

Marekani walijaribu kuirudisha testosteroni. Wanaume 790 wenye miaka 65 na zaidi, wote wenye testosteroni ya chini, walipaka jeli kwa mwaka mzima, wengine yenye homoni, wengine isiyo na homoni. Matokeo ya 2016: hamu ya tendo la ndoa iliongezeka, moyo ulichangamka kidogo mno.

Na hapa ndipo wauzaji wa "nguvu za kiume" wanaponyamaza: mara nyingi mambo huenda kinyume. Kitambi, kisukari na usingizi mbovu ndivyo vinavyoishusha testosteroni, na hivyo hivyo humharibia mtu hali ya moyo. Sonona nayo, kwa wanaume wengi, haiji na machozi. Huja na ukali. Ukimpa mzee huyo homoni, umeacha ugonjwa ukiendelea, tena akiwa na saratani ya tezi dume unaweza kuichochea.

Kipimo cha testosteroni kipo: damu hutolewa asubuhi, na jibu likiwa chini hurudiwa siku nyingine. Bora mzee aende na mkewe, maana usiku kama anakoroma na kukatika pumzi, anayejua ni mama.