Kiingereza cha Kisimani

Kibarua anayejiandaa kwenda visima vya mvuke vya Olkaria nchini Kenya, sawa na kijana anayetaka kuongoza watalii katika hifadhi ya Hell's Gate, kwa kawaida huanza na daftari la safu mbili: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Hukariri mpaka daftari linajaa, kisha msimamizi anatoa agizo na yeye anabaki ametoa macho. Wengi watamwita mzito wa kichwa. Mimi naona kinachomwangusha ni hilo daftari, kwa sababu Kiingereza cha kila siku husemwa kwa mafungu, na fungu likitenganishwa neno moja moja maana yake hupotea.

Tazama maneno ya wachoronga visima. "Kick" hapo si teke, ni maji au gesi ya ardhini inayosukuma kuingia kisimani ikizidi nguvu uzito wa tope la kuchorongea. "Fish" si samaki, ni chuma kilichokatikia shimoni. "Trip" si safari ya mtu, ni kuyatoa mabomba yote na kuyarudisha, kazi ya saa nyingi katika kisima cha kama mita 3,000. "Shut in" ni kufunga kisima, "shut down" ni kuzima mtambo, na "shut up" huzua ugomvi. Yote ni maneno ya shule ya msingi, na hatari yake iko hapo hapo. Neno geni humfanya mtu aulize; neno analodhani analijua humfanya aitikie "yes" na kwenda kushika vali.

Tatizo hili liliwahi kujitokeza kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza chepesi cha maneno 850, chenye vitenzi 18 tu. Ili kufidia vitenzi alivyoviondoa, ilibidi vilivyobaki viunganishwe na vijineno: kuingia kukawa "go in", kuzima moto "put out". Orodha ikafupika, lakini mzigo ukahamia kwenye mafungu, ambayo hayakuhesabiwa. Orodha ya Michael West ya 1953, ya maneno kama 2,000, ilikuwa na busara zaidi, kwani ilionyesha pia ni maana ipi ya neno hutumika mara nyingi.

Wapo watakaosema Kiingereza cha kazini ni finyu, kitamfungia kibarua kwenye ukibarua. Hoja hii ina uzito kwa mtoto wa shule. Kwa mtu mzima haina, maana "turn off", "watch out" na "hold on" zinamfuata jikoni, kwenye matatu na hospitalini. Sarufi ataijenga juu ya mafungu anayoyamiliki tayari. Pingamizi lenye nguvu ni jingine: kwa nini usalama wa Mkenya utegemee Kiingereza? Hapo nakubali kabisa. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pia, na jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, lilipochunguza uhamisho wa Wamaasai waliopisha mtambo wa umeme wa Olkaria IV, lilikosoa jinsi lugha yao, Kimaa, ilivyowekwa kando katika mashauriano. Na kisimani, gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa, hivyo harufu kutoweka huenda ikawa dalili mbaya. Onyo la namna hiyo lipewe mtu kwa lugha anayoota kwayo.

Lakini maagizo ya Kiingereza yataendelea kutolewa, na mtu ajipange. Aandike agizo zima kama lilivyosemwa, nani kamwambia nani, na kilichofanyika baadaye. Alipitie kesho yake, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki. Tangu majaribio ya Hermann Ebbinghaus ya 1885 inajulikana kwamba marudio yaliyoachanishwa hushinda kukesha usiku mmoja. Na kazini alirudie agizo kwa sauti kabla ya kulitekeleza, kama rubani anavyomrudia mwongoza ndege. Akiwa amesikia "down" pale paliposemwa "in", msimamizi atamkatiza kabla mkono haujafika kwenye vali.